Posa Imekuja, na Masomo Je?

Katika maharusi tuliokaa nao mwaka huu yumo mmoja muuguzi, anayetaka kusomea shahada ya uzamivu. Upande wa mume wakasema: "Muuguzi na uzamivu wapi na wapi? Si kazi yake kuchoma sindano?"

Neno hilo limetuuma. Uzamivu wa uuguzi ni kutafiti: kwa nini mjamzito anachelewa kliniki, mgonjwa wa sukari atumieje dawa zake Ramadhani, vipi tuhifadhiwe stara zetu chumba cha kujifungulia. (La mwisho hilo, nani atalishughulikia kama si mwanamke mwenzetu?) Tena si jambo geni kwetu. Bibi Rufaida al-Aslamia alikuwa na hema lake msikitini Madina, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa vita vya Khandaq alipelekwa humo.

Lakini maharusi, tuambiane ukweli. Masomo haya ni miaka mitatu na zaidi, kukesha na vitabu, pengine kuvuka bahari kwenda bara na mtoto mgongoni. Msiyafiche mpaka fungate iishe, halafu mkasema mmeonewa. Walii wako ayataje siku ya posa, mbele ya watu, kabla mahari hayajapokelewa.

Bi harusi wetu alimwambia baba yake, naye akayataja. Wageni wakaondoka kimya, na wiki mbili nzima hawakuleta jibu. Walivyorudi, mama mkwe ndiye aliyeuliza ada ni kiasi gani.