Sarafu za Shaba katika Sanduku la Nyanya

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa Kadutu alitujia na sarafu nne za shaba zilizofungwa katika kitambaa. Alizitoa katika sanduku la nyanya yake. Mtu mmoja anunuaye vyuma vikuukuu alikuwa amekwisha kuzipima kwa mizani na kumtajia bei, nayo haikutosha hata kununua madaftari mawili. Kijana alitaka kujua kama bei hiyo ni ya haki. Tulimwomba aketi, maana jambo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

Tatu zilikuwa na tundu katikati. Hizo ni sarafu za Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Zilianza kupigwa mwaka 1887. Upande mmoja pana nyota, na tundu limepita katikati yake. Upande wa pili yamezunguka maandishi ya Kifaransa yenye jina la mfalme. Iliyo kubwa ni ya santimu 10, nayo ni nzito mkononi, karibu gramu 20. Kuanzia mwaka 1906 zikaja nyingine zenye tundu vilevile, lakini za shaba iliyochanganywa na nikeli, nyeupe kwa rangi. 

Wala mtu asidhani kwamba sarafu hizo ziliwakuta wazee wetu hawajui fedha. Kandokando ya Ziwa Kivu watu walinunuliana vitu kwa butega, yaani bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea. Na huko Katanga shaba ilisubiwa kwa umbo la msalaba. Wataalamu waliochimba makaburi ya Sanga mwaka 1957 waliikuta misalaba hiyo imelazwa pamoja na wafu, na mingi ni ya karne nyingi zilizopita. Hapa yafaa tusahihishe kosa moja ambalo tumelisikia hata vinywani mwa Wakristo wema: umbo lile halikutoka kwa wamisionari. Lilikuwapo kabla Injili haijafika huko. Katanga ilipojitenga, tangu 1960 hata 1963, iliutia msalaba huo wa shaba juu ya sarafu zake za mwaka 1961, na upande wa pili ikatia ndizi.

Lakini sarafu ya nne ndiyo iliyotushtua. Haikuwa na tundu. Ilikuwa na taji, herufi D.O.A., mwaka 1916, na chini yake herufi moja tu, T. Hiyo T ni Tabora. Wakati wa vita ile Wadachi waliotawala upande wa mashariki walizingirwa baharini na Waingereza, wakakosa fedha za kuwalipa askari na wachuuzi. Basi wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Walipiga heller 5 na heller 20 kwa shaba waliyoipata, nyingine ya manjano, nyingine nyekundu, na zile nyekundu ni chache. Walipiga pia vipande vya dhahabu vya rupia 15 vyenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000. Kazi hiyo haikudumu, kwa sababu tarehe 19 Septemba 1916 majeshi yaliyotoka Kongo yaliingia Tabora.

Kwa bahati mbaya kijana alikuwa ameisugua kwa limau na majivu, iking'aa kama sufuria mpya. Hatukumgombeza. Sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi tuliisugua sarafu ya namna hiyo siku nzima, tukaipeleka kwa furaha kwa mzee mmoja mwenye kuzijua, naye akatuambia, "Mmeichuna ngozi." Rangi ile ya kahawia iliyoshika shaba kwa miaka mingi huilinda, tena ndiyo ushahidi wa umri wake. Ikiondoka hairudi.

Huko Urusi kuna mfano mzuri. Zamani za malkia Katarina II, tangu mwaka 1766 hata 1781, zilipigwa sarafu za shaba kwa ajili ya Siberia tu. Shaba yake ilikuwa na dhahabu na fedha kidogo ndani, ambazo mafundi walishindwa kuzitenga kwa faida. Kwa hiyo serikali ikazifanya nyepesi kuliko sarafu nyingine za shaba. Leo wakusanyaji huzitafuta sana. Hatujamsikia hata mmoja anayeuliza habari za dhahabu ile. Huuliza kama ngozi yake ni nzima, tena imetoka kwa nani.

Swali hilo la mwisho tulimwuliza kijana, naye hakuwa na jibu. Basi tukaenda naye kwa nyanya yake, mama mwenye umri wa miaka karibu 90. Alipoiona inavyong'aa alinyamaza kwa muda, akaigeuzageuza, mpaka tukaogopa. Kisha akasema, "Baba yangu aliishona katika pindo la nguo." Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo ya jeshi, akaenda mpaka Tabora kwa miguu. Wenzake wawili wa kijiji kimoja hawakurudi, na majina yao nyanya aliyataja pale pale, ingawa mjukuu wake hakuwahi kuyasikia hata siku moja.

Kijana alifungua daftari lake la hesabu akaanza kuandika upande wa nyuma. Mara mbili nyanya alimkatiza, kwa kuwa aliandika majina ya vijiji vibaya. Tulipoaga, walikuwa wamefika Ruzizi tu, na sarafu zote nne zilikuwa zimerudi sandukuni, na ufunguo shingoni mwa nyanya.