Hamira za Barafuni si Israfu

Muungwana aliyeandika kwamba kuzitafuta hamira mpya katika nchi za barafu na kuzipa majina ya Kilatini ni israfu ya mali na umri wa wataalamu, ameghafilika, wala sioni udhuru wa kumnyamazia. Katika ziwa Vanda, huko Antaktika, lililofunikwa na barafu mwaka mzima, ilipatikana hamira ambayo wataalamu wa Kijapani, mwaka 1969, waliiita Sporobolomyces antarcticus. Baadaye ikahamishiwa Candida, kisha Pseudozyma, na leo ni Moesziomyces, jamaa ya kuvu waletao fugwe katika nafaka.

Yeye aziona hamahama hizo kuwa ni dalili ya ujinga; bali ndiyo elimu yenyewe, kwani hadubini huonyesha umbo tu, chembe ikichipua mtoto ubavuni, na nasaba haikudhihiri mpaka DNA iliposomwa. Na kimeng'enya chake, lipasi B, hutumika viwandani kutengenezea dawa na manukato. Lau hamira ile isingalihifadhiwa na kuandikwa kwa jina, nani angalijua pa kuitafuta? Hoja ya israfu imebatilika.