Bwawa la Farkwa limengojewa vya kutosha

Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, Mto Sebeya ulivunja kingo zake ukapita Kanama, Nyundo na Rugerero katika Wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Mafuriko na maporomoko ya ardhi ya usiku huo yaliua watu zaidi ya 130, wengi wao katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Mei 5, Baraza la Wilaya ya Rubavu likamwondoa meya wake kwa kutotimiza wajibu. Inaweza kubishaniwa kama mtu mmoja alistahili kubebeshwa lawama za mto mzima. Lisilobishaniwa ni kwamba ofisi yenye dhamana iliulizwa, na jibu likatolewa hadharani kabla ya matanga kuanuliwa.

Tanzania ina jambo lake la maji ambalo halijawahi kupata mtu wa kulijibu. Oktoba 1973 chama tawala cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahame Dar es Salaam kwenda Dodoma, kazi iliyokusudiwa kukamilika kwa miaka kumi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa mwaka huohuo, na mpango mkuu wa mji ukatoka 1976. Miaka mingi ikapita. Waziri Mkuu alihamia Septemba 2016. Sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ikapitishwa 2018. Rais akahamia Oktoba 2019. Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023. Majengo yamepatikana. Ziwa la kuunywesha mji huo, yaani bwawa la Farkwa kwenye Mto Bubu wilayani Chemba, limetajwa katika hotuba za bajeti ya Wizara ya Maji kwa zaidi ya muongo mmoja, na mji bado unaishi kwa visima.

Visima hivyo ni vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Vimeitumikia Dodoma kwa uaminifu tangu ilipokuwa mji mdogo wa reli, lakini maji ya ardhini hayaongezeki kwa tangazo la serikali. Mvua hapa ni ya msimu mmoja na kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 765,179 katika jiji hili, huku uzalishaji wa maji ukiwa takriban nusu ya mahitaji. Mtumishi aliyehamishwa na serikali kutoka Dar es Salaam anapanga siku ya kufua kwa ratiba ya mgao. Aliyezaliwa Dodoma, ambaye hakuulizwa kama anataka makao makuu, anagawana na wageni kilekile kidogo alichokuwa nacho.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Brazil ilifunga bwawa la Paranoá mwaka 1959, mji wa Brasília ukazinduliwa Aprili 1960 ziwa likiwa tayari linajaa. Australia ilichagua mchoro wa Canberra mwaka 1912, lakini ziwa lililomo katika mchoro huo lilikuja kujaa 1964. Canberra iliweza kungoja zaidi ya miaka 50, kwa kuwa ziwa lake lilikuwa la mandhari na maji ya kunywa yalitoka kwingine. Dodoma haingoji mandhari.

Hoja kwamba bwawa ni kazi ngumu na ya gharama kubwa ni ya kweli, na ndiyo sababu lilipaswa kutangulia. Hoja kwamba maji ya Ziwa Victoria yatafikishwa Dodoma haipunguzi wajibu huo hata kidogo. Bomba la mamia ya kilomita linategemea pampu, umeme na miji yote itakayochota njiani. Ahadi mpya imekuwa mahali pazuri pa kuificha ahadi ya zamani, na mtindo huo hauna budi kukoma.

Lipo jambo zito zaidi, linaloweza kulifanya bwawa lenyewe kuwa hasara. Mwaka 1972, mwaka mmoja kabla ya uamuzi wa kuhamia Dodoma, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala walichapisha vipimo vya mmomonyoko katika mabwawa yaliyouzunguka mji huo: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walikuta matope yakiyajaza kwa kasi iliyoyapa mabwawa hayo maisha mafupi. Hombolo, lililojengwa 1957, limezongwa na matope na chumvi. Serikali ilijua tangu mwanzo, kwa namba, kwamba katika ardhi ya Ugogo bwawa huuawa na mashamba na malisho yaliyo juu yake.

Mto Bubu unapita Kondoa kabla ya kufika Farkwa. Kondoa ndiko serikali ilikoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaondoa mifugo yote katika milima iliyokuwa imechimbika makorongo. Uoto ulirudi. Watu wa Kondoa walilipa gharama kubwa kwa ajili hiyo, na mradi ukazimika miaka ya 1990 wafadhili walipoondoka. Kujenga bwawa chini ya milima hiyo bila mpango wa kudumu wa kuitunza, wenye bajeti ya ndani, ni kuzika mkopo wa umma kwenye tope.

Kanama, kule Rwanda, inalithibitisha hili kwa uchungu. Bonde la Sebeya lilikwishapata bwawa la kupunguza nguvu ya mafuriko, pamoja na matuta na miti kwenye baadhi ya miteremko. Usiku ule havikutosha. Milima iliyolimwa hadi kileleni ilishusha udongo na mawe, na mto uleule umekuwa ukiubebesha matope mtambo wa maji wa Gihira unaoihudumia Rubavu. Bwawa lina uwezo wa mlima ulio juu yake. Mlima usiotunzwa hulishinda.

Nani basi anayewajibika kwa Farkwa? CDA ilivunjwa Mei 2017 na majukumu yake kukabidhiwa halmashauri. DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, inasambaza maji, haijengi bwawa la ukubwa huu. Mto Bubu uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati. Makutupora iko chini ya Bodi ya Wami/Ruvu. Wizara inasaini, Hazina inatoa fedha, Wilaya ya Chemba inatuliza wananchi. Kila ofisi ina kipande, na kila ofisi inaweza kusema kwa haki kwamba kilichochelewa ni kipande cha jirani. Mpangilio huu hauzai bwawa, unazaa maelezo.

Wanaoumia kwanza ni wakazi wa Mombose na Bubutole, vijiji vinavyopaswa kupisha maji. Miaka mingi wameishi wakijua wataondoka bila kujua lini. Mtu wa namna hiyo hajengi, hapandi mti wa matunda, hachimbi kisima. Sheria ya Uthamini ya 2016 inaupa uthamini wa fidia uhai wa miaka miwili, kwa sababu bei za jana hazinunui shamba leo. Popote muda huo ulipopita kabla ya mtu kulipwa, uthamini urudiwe na tofauti ilipwe. Wakulima wa mpunga na wavuvi wa Bahi, wanaoyategemea maji ya Bubu yakiteremka, nao wana haki ya kuambiwa kwa maandishi ni kiasi gani kitaachwa kiwafikie.

Serikali itaje ofisa mmoja mwenye mamlaka juu ya mradi mzima, kutoka milima ya Kondoa hadi bomba la Dodoma, na jina lake lijulikane kwa umma. Tarehe ya kujaza bwawa itangazwe pamoja na tarehe za hatua zinazotangulia, ili ucheleweshaji uonekane mapema na si baada ya miaka kumi mingine. Hata kandarasi ikishasainiwa na mitambo ikafika eneo la mradi, hayo si maji. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akague fedha zote zilizotumika kwa upembuzi, usanifu na fidia, na Kamati ya Bunge ya Maji na Mazingira iijadili ripoti hiyo hadharani. Wabunge hukaa Dodoma kila bajeti. Hawahitaji kusafiri kwenda kuiona shida yenyewe.

Waziri wa Maji aifikishe ratiba hiyo bungeni katika mkutano ujao wa bajeti. Akishindwa, mamlaka ya uteuzi imkabidhi dhamana hiyo mwingine.