Je, ni bakora iliyomfundisha mtoto?

 

Ndugu Waislamu, katika kikao kimoja cha wazazi tulichohudhuria, ustadh mwenye umri mkubwa alisema maneno yaliyowafanya wengi watikise vichwa kwa kukubali. Alisema kwamba katika miaka yote aliyosomesha amejionea kwa macho yake: mtoto aliyeharibu somo akichapwa, kesho yake husoma vizuri, aliyesoma vizuri akisifiwa, kesho yake huharibu. Basi bakora hufundisha, na sifa hulemaza.

Hatusemi kwamba ustadh yule amesema uongo. Aliyoyaona ameyaona, nasi pia tuliyaona tulipokuwa vijana tukisomesha, na bakora tulikuwa nayo mkononi. Kosa limo katika sababu aliyoitaja. Kila mtoto ana kiwango chake cha kawaida, na siku zake hupanda na kushuka: leo kaja na njaa, kesho ameshiba, leo ulimi mzito, kesho mwepesi. Siku iliyokuwa mbaya kupita kiasi aghalabu hufuatiwa na siku ya kawaida, achapwe asichapwe. Na iliyokuwa nzuri mno hufuatiwa vivyo hivyo, asifiwe asisifiwe. Mwingereza Francis Galton aliueleza mwenendo huu mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao: wazazi warefu mno walizaa watoto warefu, lakini kwa wastani si kama wao. Wala hakuna aliyewachapa watoto wale ili wafupike.

Ili ajue kazi ya bakora, ustadh alihitaji kuwaona pia watoto walioharibu wasichapwe. Hao hakuwa nao, kwa kuwa kila aliyeharibu alichapwa.

Jambo hili si geni katika elimu yetu. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alitenga mlango mzima kueleza madhara ya ukali kwa wanafunzi: anayelelewa kwa mabavu hunyong'onyea, huwa mvivu, na hujifunza uongo na hila ili aukwepe mkono wa mkubwa wake. Tena alilinganisha. Alitaja kwamba Maghrib muda wa mwanafunzi kukaa madrasa ulikuwa miaka 16, na Tunis miaka 5. Aliwaona wanafunzi waliokaa darasani miaka mingi wakiwa kimya, hawaulizi wala hawajadili, wakihifadhi kupita haja, kisha elimu haiwakai. Hakuzilaumu akili zao. Alilaumu njia ya kusomesha.

Ipi basi iliyo bora? Mwaka 2006, huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maandishi wayasome. Wengine waliyasoma tena. Wengine waliandika walichokikumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56 hivi, na waliorudia kusoma asilimia 42. Wangapi miongoni mwetu tunamsikiliza mtoto papo hapo, tukaridhika, tusimuulize tena?

Lakini wale walikuwa watu wazima na maandishi yao ya kawaida. Hatuwezi kuapa kwamba yatakuwa hivyo kwa mtoto wa miaka 8 anayehifadhi Juzuu Amma. Tunaona ijaribiwe. Watoto wagawanywe kwa kura makundi mawili, ustadh awe mmoja, muda uwe mmoja, sura ziwe zile zile, na bakora iwekwe kando kwa wote. Kundi moja lidurusu kwa kutazama msahafu, jingine kwa kuufunga na kujisomea kwa moyo, kisha kuufungua na kujisahihisha. Baada ya wiki moja wasikilizwe na mwalimu mwingine asiyejua nani ni wa kundi gani, na makosa yaandikwe katika daftari. Daftari hilo lisomwe mbele ya wazazi hata kama matokeo yatawaudhi waliolianzisha, nasi tukiwa miongoni mwao.