Semina Haijawahi Kuwa Mtaji

Kila inapokaribia tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, husikika majukwaani, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, kauli moja ambayo imerudiwa hata ikadhaniwa kuwa hekima: kwamba mwanamke mjasiriamali hakosi mtaji bali anakosa elimu ya fedha, na kwa hiyo apewe semina kwanza, mkopo baadaye. Kauli hiyo hupigiwa makofi na watu waliovaa sare za vitenge, ilhali ukanda huohuo wa dhahabu unaikanusha kila siku.

Itazamwe namna mwanaume anavyopata mtaji katika machimbo madogo ya Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu. Mwenye duara, yaani anayemiliki shimo la kuchimbia ndani ya eneo la mwenye leseni, mara nyingi hufadhiliwa na mnunuzi wa dhahabu au mfanyabiashara mwingine, ambaye hugharimia chakula cha wachimbaji, matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke na mafuta ya mashine ya kuvuta maji, kwa makubaliano kwamba mawe yatagawanywa au dhahabu itauzwa kwake. Hakuna anayemdai mchanganuo wa biashara, hati ya nyumba wala daftari la mapato. Shimo laweza kuchimbwa kwa miezi lisitoe chochote, mfadhili akapoteza kila senti, kisha akafadhili shimo la pili. Wala haijasikika kwamba wanaume hao, waliofukia fedha ardhini kwa kufuata tetesi, wameitiwa semina ya nidhamu ya fedha.

Anayeitiwa semina ni mwanamke, ambaye katika machimbo mengi amewekewa mwiko wa kuingia shimoni kwa madai kwamba dhahabu itatoweka, naye akabaki juu akiponda mawe, akiosha kwenye mialo, yaani sehemu za kuchenjulia dhahabu, akichenjua upya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa ambao bado una chembe za dhahabu, au akiwapikia wachimbaji wote hao. Mama lishe anayekopesha wali na maharage kwa watu wasiojua watalipwa lini, na bado kesho akapika, anaijua hesabu ya hatari kuliko ofisa mikopo anayemwona hakopesheki.

Wapo wanaodai kwamba mwanamke akipewa fedha ataimalizia kwenye vitenge na michango ya harusi. Hoja hii ingestahili kujibiwa kama wanaoitoa wangekuwa wamewahi kupita jioni katika vilabu vya pombe vinavyozunguka machimbo, siku mawe yanapouzwa. Kitenge angalau huvaliwa tena.

Nidhamu inayodaiwa kukosekana ipo katika vikoba, vikundi ambavyo wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa riba waliyokubaliana na kugawana faida mwishoni mwa mzunguko, huku fedha zikikaa katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Tatizo la kikoba ni udogo wake: hutosha kununua gunia la mchele, hakitoshi kununua karasha, yaani mashine ya kusaga mawe. Pengo hilo hujazwa na wakopeshaji wa mtaani ambao umma umewapa jina linalowastahili, kausha damu.

Halmashauri nazo zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo baada ya ukaguzi kufichua marejesho mabovu na vikundi hewa. Kikundi hewa hakiwezi kulipwa bila saini ya ofisa mwenye cheti, hivyo kama kuna aliyehitaji elimu hapo, hakuwa mponda mawe.

Benki hutaka dhamana, na dhamana katika Usukuma ni ardhi, nyumba au ng'ombe, mali ambazo kwa desturi huandikwa au kuhesabiwa kwa jina la mwanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa, lakini Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimweka binti nyuma katika urithi, na mazoea ya ukoo yamelitii tamko hilo kuliko sheria. Shinyanga ilikowahi kuvuma habari za vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi, nyuma ya baadhi ya tuhuma hizo palikuwa na shamba la mjane. Mjane wa namna hiyo hakufundishwa chochote na semina ambacho kingemwongezea hata ekari moja.

Benki ya Wanawake Tanzania ilifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2018 ikaunganishwa na Benki ya Posta. Semina hazijaunganishwa na chochote. Zinaendelea, na posho za wawezeshaji hulipwa bila dhamana.