Dizeli ya Kitabuni na Dizeli ya Barabarani



Katika pwani yetu, kuanzia Mocímboa da Praia mpaka Palma na Quionga, wapo madereva wa viwanda na mashamba wanaokatwa mshahara kwa kosa ambalo halijathibitishwa. Kosa lenyewe ni kwamba gari limekunywa dizeli nyingi kuliko kitabu chake kinavyosema.

Tuchukue mfano wa gari dogo la dizeli linalovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo kitabu chake kimeandikwa lita 6 kwa kilomita 100. Kutoka Mocímboa da Praia mpaka Palma ni kama kilomita 80, kwenda na kurudi 160. Karani anapiga hesabu mezani: lita 9 na nusu zatosha. Gari linarudi limekula lita 14. Zile lita 4 na nusu zilizozidi zinaitwa wizi. Kwa safari 8 za mwezi zimekuwa lita 36, nazo zinalipwa kwa unga wa watoto wa dereva.

Basi tuulize: hiyo nambari ya kitabuni ilipimwa wapi, na nani?

Ilipimwa ndani ya jengo, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu ya chuma yanayozunguka. Katika kipimo cha Ulaya kilichotumika tangu miaka ya 1990 hadi kilipoanza kubadilishwa Septemba 2017, safari nzima ilikuwa kilomita 11 kwa dakika 20, kwa mwendo wa wastani wa kama kilomita 34 kwa saa, na kiyoyozi kimezimwa. Kipimo cha zamani cha Japani, nchi yanakotoka mengi ya magari yetu yaliyotumika, kilikuwa kifupi zaidi: kilomita 4 na kidogo, dakika 11, mwendo usiozidi 70. Mchanga, shimo, matope, magunia ya korosho na wafanyakazi sita nyuma havikuwamo.

Wazungu wenyewe wamekiri tofauti hiyo. Watafiti wa ICCT waliolinganisha nambari za vitabuni na matumizi ya barabarani huko Ulaya walikuta gari la mwaka 2001 likizidisha kwa kama asilimia 9, na la mwaka 2015 kwa zaidi ya asilimia 40. Kipimo kipya kimepunguza tofauti lakini hakikuiondoa: mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilieleza kwamba magari ya mwaka 2021 yalizidisha kwa kama asilimia 20. Na Aprili 2016 kampuni ya Mitsubishi Motors ya Japani ilikiri kwamba vipimo vya mafuta vya magari madogo 625,000 vilikuwa vimechezewa. Ikiwa katika lami ya Ulaya mambo ni hayo, dereva wa Palma atahukumiwaje kwa kitabu?

Tuangalie sasa barabara zetu. Kwenye mchanga dereva hupunguza upepo wa matairi ili gari lisizame, na tairi laini ni zito kulivuta. Huingiza gia ndogo, injini inazunguka sana na gari linasogea kidogo. Vumbi la kiangazi huziba chujio la hewa. Kupanda uwanda wa Mueda na mzigo kunakula kuliko kwenda tupu. Tena tangu mashambulizi ya Oktoba 2017, safari nyingi zimekuwa za kungoja kizuizini na kufuata misafara ya ulinzi. Injini ya dizeli ndogo ikiachwa inanguruma gari limesimama hula kama nusu lita kwa saa. Saa 4 ni lita 2, na mita ya kilomita haijasogea hata moja.

Mita yenyewe nayo yaweza kudanganya. Ukifunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani kwa asilimia 5, safari ya kilomita 100 itaonekana kama 95, na dereva ataonekana mlafi wa mafuta.

Wewe unayebangua korosho au kuangua nazi usiseme hili ni jambo la madereva tu. Wazee wetu waliovuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika walikijua kipande. Kipimo cha kazi kikipangwa kwenye shamba jepesi kisha kikatumika kwenye shamba lenye magugu, mkataji anatoa jasho lile lile na siku haihesabiwi. Kipimo cha dizeli ni ndugu yake.

Chama hakimlei mwizi. Anayefyonza tangi la gari usiku anawaibia wenzake, maana hasara hiyo ndiyo itakayotajwa tukidai nyongeza. Lakini mwizi hashikwi kwa kitabu cha Ulaya. Anashikwa kwa kipimo cha haki, na kipimo hicho tunaweza kukifanya wenyewe:

Kwanza, tangi lijazwe mpaka juu, na kilomita ziandikwe mbele ya dereva, karani wa stoo na mjumbe wa kamati ya chama.

Pili, gari lifanye safari zake za kawaida, kisha lijazwe tena mpaka juu kwenye pampu ile ile. Lita zilizoingia zigawanywe kwa kilomita zilizokwenda, halafu zizidishwe kwa 100. Jambo hili lirudiwe mara 5 na kupata wastani, kwa sababu tangi moja laweza kupotosha.

Tatu, uwepo wastani wa kiangazi na wa masika, wa gari tupu na wa gari lenye mzigo. Saa za kungoja ziandikwe katika daftari la safari.

Nne, mita ilinganishwe na umbali unaojulikana, au na ramani ya simu.

Tano, matumizi yakipanda ghafla, aulizwe fundi kwanza: chujio, nozeli, breki zinazoshika, upepo wa matairi. Fundi akisema gari ni zima, ndipo dereva aulizwe.

Sheria nayo haimruhusu mwajiri kuadhibu kwa kudhani. Anayetaka kumfukuza mtu kwa wizi lazima amwandikie tuhuma zake, ile tunayoiita nota de culpa, na ampe nafasi ya kujibu. Kamarada dereva, ukipewa karatasi hiyo usiweke sahihi ya kukiri kwa hofu. Ilete kwa kamati siku hiyo hiyo, pamoja na daftari lako la safari.

Kwa hiyo kila kamati yenye gari kazini iombe kikao na uongozi mwezi huu, na ajenda iwe moja: gari lipimwe katika barabara yake, na makato yote yasimame mpaka lipimwe. Daftari la safari ni metikali chache. Anunuliwe kila dereva leo.