Mlango ni Mmoja, Njia si Moja



Mwezi Februari mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ilianza kuwatibu kwa methadoni watu waliotekwa na heroini, ambayo mitaani huitwa unga. Baadaye huduma hiyo ilifika Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar na mikoa mingine. Dawa hutolewa bila malipo, na hakuna tangazo mlangoni limkatazalo mwanamke kuingia. Hata hivyo, tangu mwanzo wanaume ndio walioijaza kliniki, na wanawake wakawa wachache mno. Walio wachache hao walifika wakiwa na mzigo mzito zaidi, kwani walioambukizwa virusi vya UKIMWI walikuwa wengi kati yao kuliko kati ya wanaume.

Jambo hili si la Dar es Salaam peke yake. Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, katika taarifa yake ya mwaka 2016, ilieleza kwamba wanawake ni kiasi cha theluthi moja ya watumiaji wa madawa hayo duniani, lakini ni sehemu moja tu ya tano ya wanaopata matibabu. Tume ya Haki na Amani haina budi kuuliza: wengine wako wapi?

Tutazame kwanza njia ya kuingilia. Mwanamume mara nyingi huonjeshwa unga na rafiki zake kijiweni. Mwanamke mara nyingi huupokea mkononi mwa mpenzi au mume, ambaye humnunulia, humchoma sindano, na huitumia sindano ile ile yeye kwanza. Hivyo mwanamke huipokea pamoja na damu ya mwenzake. Ukosefu wa fedha ukizidi, wengi huingia katika biashara ya mwili ili kununua kete ya siku, na pengine kete ya mume pia. Mwanamke wa namna hiyo akitaka kupona, hapambani na unga peke yake. Anapambana na mtu anayeishi kwa jasho lake.

Tutazame pia njia ya kutokea. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, hasa katika miezi ya mwanzo. Maana yake ni nauli ya kila siku na asubuhi ya kila siku. Aliyekesha barabarani ataamkaje? Mwenye mtoto mchanga atamwacha kwa nani? Na akimbeba mtoto, akasimama naye katika foleni ya wanaume, wapita njia watasema nini? Mwanamume akianguka huitwa teja, nalo ni neno baya. Mwanamke huitwa teja, kisha huitwa malaya, kisha huambiwa kwamba hafai kuwa mama. Wengi huogopa kwamba wakijiandikisha watanyang'anywa watoto, basi hujificha.

Liko na jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Heroini huweza kuvuruga au kusimamisha hedhi, hata mwanamke asitambue mapema kwamba ni mjamzito. Akitambua, hofu humfanya aache unga kwa ghafula peke yake chumbani, naye hupatwa na arosto kali na mara nyingi huurudia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, linashauri kwamba mjamzito aliyetekwa na heroini apewe methadoni au dawa ya jamii hiyo chini ya uangalizi, wala asiachishwe kwa ghafula. Na kwa kawaida huhimizwa kumnyonyesha mtoto wake. Kwa hiyo mama anayekunywa methadoni hamdhulumu mtoto. Anamlinda.

Wako waumini wanaosema kwamba methadoni ni kubadilisha unga kwa unga. Sivyo. Dawa hii ikitolewa kwa kipimo sahihi huzuia arosto kwa siku nzima bila kumlevya mtu, humwondolea sindano, na humpa nafasi ya kufanya kazi na kuwalea watoto wake. Anayeihitaji kwa miaka asidharauliwe, kama asivyodharauliwa mwenye kisukari kwa sindano yake.

Hatusemi haya ili kuwapunguzia wanaume huruma. Nao ni wana wetu, wanapigwa mitaani na kujaza mahabusu. Lakini haki haitimii kwa kuwafungulia wote mlango mmoja, ikiwa mmoja huufikia kwa njia nyeupe na mwingine kwa miiba. Tukumbuke mwanamke aliyeletwa mbele ya Bwana akituhumiwa uzinzi. Mashtaka yalihusu watu wawili, lakini aliyeletwa ni mmoja. Yesu hakushika jiwe, wala hakumwacha mwanamke yule alivyokuwa. Alimfungulia njia ya kwenda.

Basi tunawaomba viongozi wa walei mambo manne. Kwanza, jumuiya ndogo ndogo ziache kuwataja wanawake hawa kwa majina ya dharau, hata katika maombi. Pili, WAWATA katika kila parokia iliyo karibu na kliniki itafute akina mama wawili au watatu wa kukaa na watoto asubuhi, na mfuko wa parokia usaidie nauli. Tatu, mwanamke anayepigwa kwa sababu ametaka kutibiwa asirudishwe kwa mume kwa jina la amani ya ndoa. Asindikizwe mahali pa usalama na kwenye dawati la jinsia la polisi. Nne, wenye uwezo wa kuanzisha nyumba za nafuu wakumbuke kwamba nyingi zilizopo huwapokea wanaume. Wafikirie nyumba ambayo mama ataingia pamoja na mtoto wake.

Hakuna kati ya haya linalohitaji barua kutoka jimboni. Nauli ya mtu mmoja kwa juma moja ni sadaka ambayo jumuiya moja inaweza kuitoa. Mwanzo huo ukifanyika, mwanamke mmoja atafika mlangoni kabla haujafungwa, na keshoye atafika tena.